Taa Yenye Mshono

Kabla ya taa palikuwa na violezo. Vilining'inia ukutani kwenye misumari, karatasi ngumu za manila zilizokatwa umbo la kola, mikono na migongo ya watu, kila kimoja kikiwa na jina la mwenyewe kwa penseli. Wengine walikuwa wamenenepa tangu siku ya kupimwa, wengine wamehama, wawili watatu wamefariki, lakini Fundi hakuwahi kutupa mgongo wa mtu. Miaka thelathini alikuwa ameshona katika chumba hicho kimoja, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na watu wote walimwita Fundi.

Sasa wateja walikuwa wamepungua. Nguo zilizoshonwa tayari zilijaa kila kona ya mji, na waliobaki kupanda ngazi zake walikuja kupunguza pindo au kubadili zipu. Kuna siku cherehani ilikaa imefunikwa tangu asubuhi kama mgonjwa. Fundi alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, asiyejua kukaa bure, basi akaanza kupanga upya violezo vyake. Akainua kimoja mbele ya balbu ili asome jina lililofifia, na hapo akaona kitu.

Kilikuwa kiolezo cha gauni la bi harusi. Pembezoni kilijaa matundu ya pini, ya miaka mingi. Mwanga ulipenya katika kila tundu, na ile karatasi chakavu yenye doa la chai ikawa na mstari wa nyota kutoka begani hadi kiunoni. Akaishusha: karatasi. Akaiinua: nyota. Alisimama pale mkono juu mpaka bega likamuuma.

Kesho yake alikunja hanga za waya kwa koleo, akapata fremu ya taa iliyopinda upande mmoja. Mambo ya umeme alisaidiwa na jirani wa chini, fundi umeme mwembamba aitwaye Waya, ambaye jina hilo lilimpata kabla hajajua umeme ni nini. Taa ya kwanza ilitoa moshi.

"Fundi mwenzangu," Waya akamwambia huku akipepea kwa kofia yake, "unataka taa au unataka jiko?"

Akamletea balbu isiyochoma. Taa ya pili alitoboa matundu karibu karibu mno, karatasi ikachanika kama stempu. Ya tatu ilimgharimu wiki nzima. Alikunja blanketi mezani, akatandaza manila juu yake, akatoboa kwa sindano ya magunia palipotaka mwanga mwingi na kwa sindano ya shanga palipotaka kidogo. Alipomaliza alikata, akazungushia fremu, akapaka gundi, akamwita Waya. Wakaiwasha.

Matundu yalikuwa mazuri. Lakini kutoka juu hadi chini, mahali ncha mbili za karatasi zilipokutana, palikuwa na mkanda mweusi.

Mtu mwingine yeyote angekata karatasi kwa kipimo cha fremu, akazidisha ukucha mmoja tu wa kupakia gundi. Lakini mkono wa fundi cherehani una akili zake. Kila unapokata huacha vidole viwili pembeni, huku na huku, ile akiba ya mshono, ili nguo ipate pa kushikwa na, mwenyewe akinenepa, ipate pa kuachiliwa. Fundi aliikatia taa akiba ya mshono. Pale karatasi ilipolaliana, mwanga ulikataa kupita.

"Umeiachia nafasi ikinenepa?" Waya akauliza. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nimefunga taa za kila aina mimi. Yenye mshono wa suruali ndiyo leo."

Fundi hakucheka. Alikuwa akiutazama ule mkanda, uliosimama wima katikati ya mwanga, na alikuwa amemtambua.

Mama yao alikuwa na kawaida ya kusimama mlangoni kila jioni, kumngoja Kitinda. Kitinda ndiye mtoto wa mwisho, na tangu utoto hakujua kurudi nyumbani kwa wakati. Fundi, aliyekuwa mkubwa, alikuwa ndani tayari, mkekani, miguu imeoshwa, daftari magotini. Alichokiona kila jioni ya utoto wake kilikuwa mgongo wa mama, mweusi mbele ya mwanga wa nje, fundo la kilemba kisogoni, na mkono wa kulia umefichwa nyuma. Katika mkono huo mama alishika kandambili. Aliapa kila siku kwamba leo atampiga. Kitinda alipotokea, mama aliuliza, "Umetoka wapi?" na wakati Kitinda akiupanga uongo wake, ile kandambili iliteremka polepole nyuma ya sketi mpaka chini, na mguu wa mama ukaingia ndani yake kimya kimya, kana kwamba haukuwahi kutoka.

Kwa hiyo Kitinda alikua akijua mama yao ni mpole. Fundi alikua akijua mama yao ana kandambili.

Taa ya nne aliitengeneza kwa makusudi. Aliacha akiba pana zaidi, akaikata ile karatasi ya ndani kwa wembe mpaka ikapata mabega, kiwiko kilichopinda, fundo la kilemba, na kile kitu kidogo bapa kilichoning'inia nyuma ya kiuno. Pembeni alitoboa uwanja na jioni yenyewe, tundu baada ya tundu. Ilimchukua siku kumi na tisa. Taa ikizimwa ilikuwa karatasi nyeupe. Ikiwashwa, mama alisimama mlangoni.

Mtu wa kwanza kuonyeshwa, ukimwacha Waya, alikuwa Kitinda. Alifanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja yenye zulia, na ulimi wake ungeweza kuwauzia watu mvua huku inawanyeshea. Siku hiyo ulimi ulimwisha. Alikaa kwenye stuli ya wateja, mkoba bado begani.

"Mama," akasema.

"Umemtambua?"

"Nisimtambue vipi, dada?" Alifuta macho kwa kiganja. "Hii si ya kukaa hapa juu ya baiskeli. Kuna duka la mapambo ya nyumba karibu na ofisi yetu. Mwenye duka namfahamu. Nipe niipeleke."

"Kwani siwezi kwenda mwenyewe?"

"Wewe? Utafika mlangoni, uombe radhi kwa kukanyaga sakafu yao, urudi."

Wakacheka wote wawili, maana ni kweli. Fundi aliifunga taa kwa shuka, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Alitaka kusema habari ya kandambili, kisha akaona ni siri ndogo tamu, si vibaya abaki nayo mpaka siku nyingine. Akasema jambo moja tu. "Waambie ni nani kaitengeneza."

"Sasa niwaambie nani mwingine?"

Wiki ya kwanza Kitinda alisema wanaitazama. Wiki ya tatu alisema mwenye duka amesafiri. Wiki ya sita alikuja na uso wa msibani. Hawakuitaka. Walisema karatasi ni karatasi. Na taa yenyewe, alisema akiangalia vidole vyake, ilinyeshewa alipokuwa akiirudisha, ikalowa, ikaharibika kabisa.

"Sikujua nikwambieje, dada. Nilikuwa nakuhurumia."

Fundi ndiye aliyembembeleza. Alimwambia mvua haina adabu, asijilaumu. Kitinda alipoondoka, Fundi akazikusanya zile fremu za hanga akazisukuma chini ya meza, pamoja na sindano ya magunia. Siku chache baadaye Kitinda alileta kitambaa cha buluu, kizuri, kizito, akataka gauni la shughuli ya ofisini. Fundi alikipokea kwa shukrani. Kilikuwa kitambaa cha kwanza kizima kufika mezani pake baada ya miezi miwili.

Aliyemtoa gizani ni Waya, tena bila kujua. Alikuja kuazima ngazi, akasimama mlangoni akitikisa kichwa.

"Hongera, Fundi. Ndiyo dunia hii. Mtu anapanda chati hata jirani hamwambii."

"Chati gani tena?"

"Nimeitwa kuweka nyaya kwenye duka la mapambo kule mjini. Wanaandaa shughuli Jumamosi. Nakuta mama yako dirishani. Wako kumi."

Fundi aliendelea kupiga pasi. Baadaye aligundua kwamba alikuwa akipiga pasi mahali pamoja.

Alikwenda siku iliyofuata, mchana, kukiwa na mawingu mazito. Lilikuwa duka la kioo kutoka chini hadi juu, na ndani viti ambavyo hakuna aliyewahi kuvikalia. Taa zilipangwa dirishani, kumi, za plastiki nyeupe iliyotobolewa kwa mashine, matundu yote ya ukubwa mmoja. Mbele yake kadi ngumu yenye maandishi ya kupendeza. "Kazi ya mikono ya," kisha jina la mdogo wake, jina lote, hadi la baba, ambalo ni la baba yake pia.

"Karibu, mama," akasema binti wa dukani. "Unapenda nikuwashie?"

"Niwashie, mwanangu."

Binti akabonyeza. Mama akasimama mlangoni mara kumi.

"Huyu ni mama yake msanii," binti akaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekariri na bado anakipenda alichokariri. "Anasema alipokuwa mdogo, akirudi nyumbani jioni, alikuwa anamkuta amesimama hivi anamngoja."

"Na hicho mkononi?"

"Hilo ni jani. Mama yake alipenda sana mimea."

Mama yao hakuwahi kupanda hata kitunguu. Fundi alinyoosha kidole, akaugusa ule mkanda mweusi. Plastiki ilikuwa moja, haikuwa na mwanzo wala mwisho, haikuhitaji kuunganishwa popote. Mkanda ulikuwa umebandikwa juu. Walikuwa wameliiga hata kosa lake, la mkono uliozoea nguo, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza lilitoka wapi.

"Huu mkanda wa nini?"

"Huo ndio ubunifu wenyewe, mama."

"Asante, mwanangu. Unaweza kuzima."

Kitinda alikuja Ijumaa kujaribu gauni. Alipanda juu ya stuli, Fundi akapiga magoti na pini saba midomoni, akaanza kupima pindo. Kwa muda zilisikika sauti za duka la chini tu, mtu akijaribu kengele ya baiskeli.

"Mbona kimya leo?" Kitinda akauliza.

Fundi alimwonyesha kwa kidole: geuka. Akageuka. Pini moja, ya pili. Kisha Fundi akazitoa zilizobaki mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye kile kimto kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono wake, mpaka mdomo ukawa mtupu.

"Mama alipenda mimea gani?"

Pindo lilijua kabla ya uso. Lilitikisika vidoleni mwake.

"Nani kakwambia?"

"Nimeuliza mimea."

"Dada, ngoja nikueleze."

"Eleza. Usishuke, nina pini."

Kitinda akaeleza kutoka juu ya stuli, akizungumza na violezo vya ukutani. Mwenye duka aliiona taa, akauliza haraka haraka, hii kazi yako? Akajikuta amesema ndiyo. Alidhani atasahihisha kesho. Kesho ikaja na wapiga picha, keshokutwa ikaja na karatasi ya kutia sahihi. "Kila siku niliona imeshapita siku ya kusema."

"Na mvua?"

"Mvua gani?"

"Iliyoloweka taa yangu."

"Hakukuwa na mvua. Waliikata. Mashine ilitaka kiolezo kilicholala."

Fundi alitazama ukuta, migongo yote ile ya watu aliyoitunza miaka thelathini.

"Umenizunguka," akasema. "Mimi, Kitinda. Nikakubembeleza juu yake."

"Mama alikuwa wangu pia." Sasa Kitinda alikuwa amegeuka, na sauti imepanda. "Tena mimi ndiye niliyemwona amesimama hivyo. Wewe ulikuwa ndani. Mimi ndiye niliyekuja kutoka njiani nikamkuta mlangoni. Alikuwa ananingoja mimi, hakukungoja wewe. Sasa kwa nini isiwe yangu?"

Hilo lilimwingia Fundi, maana lilikuwa kweli. Hakuna jioni hata moja mama alisimama kumngoja yeye.

"Ameshika nini?"

"Nani?"

"Mama yako uliyemwona. Ameshika nini nyuma?"

Kitinda akaupeleka mkono wake nyuma, ukarudi mtupu.

"Ni kandambili. Ya kukupigia." Akamsimulia yote, kiapo cha kila siku, swali la mlangoni, kandambili ikiteremka nyuma ya sketi, mguu ukiipokea. Kitinda alisikiliza mdomo wazi. Kisha akacheka, kicheko cha mtoto, akashuka na kukaa kwenye stuli, akachomwa na pini, akaruka, na kicheko kikageuka kilio.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na hakunipiga."

"Ulikuwa unadanganya vizuri."

Kwa dakika chache walikuwa watoto wa mama mmoja. Kitinda alimshika dada yake mikono yote miwili, pamoja na kimto cha pini. "Kesho kwenye shughuli nitasema. Mbele ya watu wote, mwenye duka akiwepo. Nitasema ni kazi ya dada yangu." Akafuta pua. "Halafu wanataka tatu mpya. Wewe utoe mawazo, mimi niongee. Tutafanya pamoja."

"Vua gauni," Fundi akasema.

"Hutalimaliza?"

"Nitalimalizaje umelivaa?"

Alilimaliza jioni ile ile. Hakujua kushona vibaya, hata angetaka. Aliacha vidole viwili kila upande, akakunja pindo kwa mkono ili uzi usionekane, akalipiga pasi na kulituma. Jumamosi hakualikwa, naye hakwenda. Alitoa zile fremu chini ya meza, akazifuta vumbi. Alikuwa amejiambia kwamba hategemei kitu, lakini alikuwa amezifuta vumbi.

Jumapili asubuhi Waya alirudisha ngazi. Alikuwa ndiye msimamizi wa taa kwenye shughuli, na bado alikuwa na furaha ya vinywaji vya bure.

"Mdogo wako anajua kuongea, yule. Kaongea mpaka watu wakatoa leso. Halafu akawachekesha kwa ile kandambili, basi, wakavunjika mbavu."

Fundi akaweka kikombe chini. "Aliisema kandambili?"

"Aliisema vizuri sana. Mama anaapa, kandambili inashuka polepole, mguu unaipokea." Waya aliigiza kwa kiatu chake. "Kila mtu akataka taa."

"Alisema ni nani aliyeiona?"

Waya akarudisha kiatu chake sakafuni. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini mjinga hakuwa, na sasa aliyaona macho ya jirani yake.

"Alisema ni yeye," akajibu taratibu. "Yeye alikuwa ndani, na daftari magotini. Akasema dada yake ndiye aliyekuwa akichelewa."

Duka la chini lilikuwa limefungwa, hapakuwa na hata kengele ya baiskeli. Fundi alitazama sakafu ya chumba chake kana kwamba anatafuta pini iliyoanguka. Taa angeweza kusamehe, labda na jina. Lakini ile nafasi ndani ya nyumba, ule mkeka, miguu iliyooshwa, mgongo wa mama ambao ndio pekee aliopewa kuutazama, yeye mwenyewe alimkabidhi mdogo wake juzi, akiwa amepiga magoti, ili amtulize.

"Fundi," Waya akasema. "Ningejua nisingesimulia."

"Umefanya vizuri. Wiki hii nitahitaji mkono wako."

Kitinda alipiga simu wiki ile mara nne, na ya tano akatuma ujumbe: wanauliza zile tatu, dada. Fundi aliusoma, akaigeuza simu kifudifudi mezani. Mezani palikuwa na manila mpya. Alikuwa ametoboa kwa siku kadhaa, bila kiolezo, bila kumwambia mtu anachotoboa, na alipofika kwenye kukata, mkono ukaacha vidole viwili huku na huku. Hakuuzuia.

Waya alishika ncha za karatasi kwenye fremu. Kabla ya kupaka gundi, Fundi alichukua penseli aliyoandikia violezo vyote vya ukutani, akaandika jina lake kwenye ile akiba ya mshono, upande wa ndani, mahali karatasi ya pili itakapolala juu yake.

"Mbona unaandika pasipoonekana?" Waya akauliza.

"Ataliona atakayeikata."

Akapaka gundi, akakandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Nje kulikuwa na mawingu tena. Waya akabonyeza swichi, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa upande huu na upande ule. Kwenye mshono palikuwa na umbo jipya, limeinama juu ya magoti yake, na mbele yake mwanga mwembamba kama unaopita chini ya mlango.

"Huyu ni nani sasa?"

"Mshono," akasema Fundi.

"Mshono tu?"

"Mshono tu."

Waya alingoja kidogo, akiona labda litafuata neno jingine. Fundi akanyoosha mkono akazima, na karatasi ikarudi nyeupe.